Mitumbwi Miwili ya Kyarisiima

Alirudi Oktoba na begi moja.
Ndani yake miwani ya kuzamia, mrija wa rangi ya chungwa,
na miaka sita ya bahari ya Karibi
ambayo hakuwahi kuingia zaidi ya vifundo vya miguu.

"Kule," akasema, akimenya viazi,
"kuna mashua yenye miili miwili.
Katikati wametandika wavu,
wageni hulala juu yake
kama samaki waliokubali kuvuliwa."

Yeye alikuwa wa mataulo.
Ishirini na manne yatoke, ishirini na manne yarudi,
likipotea moja, mshahara unapungua.
Wageni walipotumbukia kutazama matumbawe
alisimama ngazini akihesabu vichwa,
akilinda viatu.

Basi Jumapili, baada ya ibada,
tukaazima mtumbwi wa Bwengye, tukautoa na wetu, wa marehemu baba,
mikaratusi miwili isiyolingana:
mmoja mrefu, mmoja mnene kama shemeji aliyekirimiwa.
Nikaiunganisha kwa nguzo tatu, kamba ya mbuzi,
na misumari iliyobaki paa la kanisa lilipokwisha.
Tanga likawa bango la mgombea aliyeshindwa mara tatu.
Upepo ulipotoka upande wa Bwama
shavu lake la kushoto likajaa, likatuna,
na kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu
akatupeleka mahali.

Bunyonyi haina chumvi wala matumbawe.
Asubuhi inafuka kama sufuria ya bushera,
na vilima vimekatwa ngazi ngazi,
mtama juu ya maharage, maharage juu ya mtama,
mpaka kwenye mawingu.
Shangazi Tibesigwa alikaa kwenye mtumbwi mnene
ameushika ukingo kwa mikono miwili,
taulo lake shingoni,
akiuliza kila baada ya pumzi tatu
ni nani aliyekipima kina.
Hakuna aliyejibu. Kamba za Harutindo zote
huishia njiani.

Karibu na mafunjo Kyarisiima akasimama.
Akatemea kioo mate, akakisuuza
(hilo alijifunza kwa kuangalia),
akauma mrija, akanigeuzia macho makubwa ya samaki,
kisha hakuwepo.

Mrija ukabaki peke yake juu ya maji
ukikoroma kama birika.
Nikahesabu. Sikutumwa,
ulimi ulijihesabia wenyewe:
kichwa kimoja. Kichwa kimoja. Kichwa kimoja.

Aliibuka midomo imekuwa ya buluu.
"Umeona nini?"
"Kijani."
"Na nini tena?"
"Kijani nyuma ya kijani. Mizizi ya mafunjo, ina ndevu.
Na kamba, si wa kufungia, yule mwenye miguu.
Mdogo! Kaninyooshea makoleo yote mawili
kama afisa wa forodha.
Chini yake hakuna kitu.
Hakuna, hakuna, mpaka masikio yanauma."

Bwengye akainamisha kichwa kwa niaba ya ziwa.
"Kule kulikuwa na rangi," akasema, kama anayeomba radhi.
"Kule," dada akasema, "sijui."
Akacheka, meno yakigongana.

Shangazi akamtupia taulo.
Likapita begani, likatua majini,
likakaa kidogo kama linafikiri,
likaanza kushuka, jeupe, la kijani, la kijani zaidi.
Kyarisiima aliweza kulishika.
Nilimwona akiweza.
Mkono wake ulifika juu ya maji, ukatulia hapo,
akalitazama likienda,
na hapakuwa na daftari.

"Taulo langu!" Shangazi akaachia ukingo.
"Lete hiyo miwani."
Tukadhani anatania.
Akavua kilemba, akavaa mpira kichwani kwa hasira,
akalala kifudifudi juu ya nguzo zangu tatu,
akauingiza uso kwenye ziwa alilolichota miaka sitini.

Mrija ukakoroma.
Upepo ukamwacha mgombea, shavu likasinyaa.
Tukangoja atuambie kama linaonekana.
Alitupungia mkono tunyamaze.