Mikwaruzo

Ukiingia kanisa letu la Muyeye
usitazame madhabahu kwanza. Tazama chini.
Sakafu ni saruji, rangi nyekundu ya Pasaka ya mwaka juzi,
na juu yake mistari mirefu, myeupe,
kana kwamba kuku wa ajabu amechakura
kutoka mlangoni hadi penye kwaya.
Mistari hiyo ni yangu.

Miaka mitatu, mimi katibu wa vijana,
kila Jumamosi jioni nikiyakokota mabenchi ya mvinje,
yakilia mpaka jirani anafunga dirisha.
Benchi moja ni la watu sita kukaa, wawili kubeba.
Mimi nilikuwa mmoja, na mgongo wangu,
na kiburi nilichokiita utumishi.

Funguo zote kwangu:
ya stoo, ya kabati la vipaza sauti, ya kasha la mchango,
na moja ambayo hata sijui inafungua nini
ila sikuitoa.
Jefwa akisema, "Nipe nifagie," namwambia, "Utaacha vumbi pembeni."
Kadzo akisema, "Niwapigie wa Ganda na Marafa?" "Acha, nitapiga."
Mama Umazi wa chai akanikumbusha
kidole kimoja hakivunji chawa.
Nikamjibu, "Wangu nawamwagia maji moto."
Tukacheka. Yeye alicheka kidogo kuliko mimi.

Basi wiki ya kongamano, Alhamisi usiku,
mama yangu akaanguka jikoni, mwiko mkononi.
Presha. Wodi ya wanawake, kitanda cha kumi na nne,
simu yangu asilimia mbili.
Niliandika: "Orodha yote iko"
ikazima.

Siku mbili nilihesabu matone ya dripu, na maafa:
maji hayatatosha, jenereta itagoma, wali utaungua.
Nikaomba. Mungu anisamehe,
nusu ya sala ilikuwa ya mama;
nusu nyingine niliomba mambo yaharibike kidogo tu,
kiasi cha watu kuuliza, yuko wapi yule?

Jumamosi saa saba wakaja, Kadzo na chupa ya uji,
Nyamvula na shuka mbili na karatasi ya daftari:
zamu za kukaa na mama.
Nyamvula mchana, Mwaringa na dada yake usiku,
na mbele ya jina langu, kwa kalamu nyekundu:
KULALA.

"Na kongamano?"
"Linaendelea."
Neno dogo hilo. Lilinichoma kuliko sindano za wodi nzima.
"Stoo mlifunguaje?"
"Tuling'oa bawaba."
"Jenereta?"
"Iligoma. Mzee Shebwana wa karakana katuazima yake,
akasema tusipige ngoma wakati wa swala. Hatukupiga."
"Wali?"
"Uliungua," akasema Kadzo, "vijana wa Marafa wakagombea ukoko."

Sikwenda kulala. Nilipita kanisani.
Mlango wa stoo umeegemezwa ukutani kama mlevi.
Vumbi liko pembeni, kweli, kama nilivyotabiri,
na hakuna aliyekuwa analitazama.
Kwenye nguzo Jefwa alikuwa amembembeleza mtoto wa Ganda
aliyesahau shairi lake mbele za watu.
Mimi ningekuwa nahesabu sahani.

Niliinama, nikatafuta mkwaruzo mpya sakafuni.
Nilipekua safu kwa safu, kama mtu aliyeangusha pete.
Hakuna.
Mabenchi arobaini, na hakuna.

Nikavua kamba ya funguo shingoni,
nikaiweka juu ya meza ya matangazo, kimyakimya,
wala hakuna aliyepiga makofi,
maana palikuwa na kazi: watu wa Mambrui wamefika,
safu ya nyuma isogezwe.

Kadzo alikuwa amesimama ncha moja ya benchi.
Hajainua. Ananingoja.
"Haya, shika huko."

Nikashika.
Bado lilikuwa zito.
Lakini halikulia.