Saba Yenye Mkanda

Wirrabin, kusini mwa Australia. Jumamosi, saa tatu usiku.
Ukumbi wa shule unanuka soseji na vitunguu,
nasi kumi na mmoja tumevua viatu chini ya meza,
tunakunjua karatasi.

Hapa kupiga kura ni sheria; asiyefika hulipa faini.
Basi hufika hata wasiojali,
na karatasi haina kisanduku cha "kwangu wote sawa".
Inadai: panga! Wa kwanza nani, wa saba nani.
Nao hushuka ngazi,
moja, mbili, tatu, mpaka saba,
kalamu haijapumua.
Kura ya punda, ndivyo tunavyoiita.
Safari hii bahati nasibu imempandisha juu Coghlan,
yule wa kufunga wodi ya wazazi.

Dada yangu Thelma, aliyeolewa Tasmania,
anasema kwao majina huzungushwa karatasi kwa karatasi:
punda hurusha mateke pande zote
na havunjiki mtu.
Kwa shangazi, Uingereza, wasiojali hulala tu,
na usingizi wao hauhesabiwi, ingawa una uzito.
Na kwenye chama chetu cha bustani
kila mtu hutia vema kwa yeyote anayemkubali;
mzee Pruitt huwatilia wote.
Kila mgombea hupanda kidole kimoja,
hakuna ampitaye mwenzake,
na mzee angeweza kubaki na waridi zake.

Saa tano. Coghlan anaongoza kwa thelathini na tisa.
Kura za kushuka ngazi nimezihesabu moyoni
(si kazi yangu):
sitini na mbili.
Labda wapo waliompenda kweli. Karatasi haisemi.
Asante ya punda ni mateke, wanasema,
lakini huyu nani alimfadhili?
Aliamrishwa kuja, akaja.

Halafu moja ikanisimamisha.
Saba yenye mkanda kiunoni,
kama wanavyofundishwa watoto wa Trieste.
Mji mzima namjua mmoja tu aandikaye hivi,
aliyenikimbiza wodi ile mara tatu, usiku,
akiendesha gari pekupeku.

Msimamizi ananitazama.
Naiweka ilipotaka kwenda.
Coghlan, arobaini.

Nyumbani, Livio yuko jikoni, anamenya chungwa.
"Nani kashinda?"
"Wewe," nikamwambia.
Akacheka,
akanigawia kipande, chenye mbegu.