Andika, Mwajabu

Andika, Mwajabu. Anza na "Inauzwa",
kisha acha mstari mmoja mtupu
nipate kumeza mate.

Alvisi. Ya Mwingereza, ya mwaka sitini na tano.
Milango miwili. Taa nne, mbili juu ya mbili,
kama mzee aliyevaa miwani juu ya miwani.
Silinda sita, kabureta mbili, gia tano.
Rangi kijivu, ile ya shingo ya njiwa.
Kiyoyozi haina. Vioo vinashuka.

Ipo Upanga, bahari inaisikia lakini chumvi haijui:
kila magharibi tangu mwaka sabini na tisa
naifuta kwa kipande cha kanga na maji ya bomba
mpaka ndani ya madigadi,
pale kutu hupenda kutaga mayai.

Usiandike kwamba Jumapili zile,
magari yalipokatazwa barabarani baada ya saa nane,
Bwana Caetano alikaa ndani yake hapo hapo uani,
tai shingoni, Bi Ermelinda kando na kikapu cha sambusa,
wakaenda Morogoro bila kuwasha injini.
"Tumepita Ruvu," anasema.
"Chalinze hii, mama, pandisha kioo, vumbi."
Nami nimelala chini nakaza nati, nimeuma midomo nisicheke.
Walipokaribia Mikese niligonga chesisi kwa spana
wapate na wao shimo moja la barabarani.
Hilo si la mnunuzi.

Andika vipuri.
Mwaka wa shida havikuwepo, kwa hiyo bushi za mbele
nilizichonga kutoka tairi la Scania,
gasketi nikaikata kwa mkasi wa mshonaji.
Tandika karatasi nyeupe chini yake usiku,
asubuhi utaiandikia barua.

Na kasoro uziandike. Asiyetaja kasoro ni dalali.
Saa ya dashibodi ilishakufa.
Kiti cha kushoto kimebonyea upande mmoja:
Bi Ermelinda alikaa akimwelekea dereva, miaka yote.
Nilinunua ngozi mpya, mzee akasema kiache.
Ngozi ipo stoo, imeviringishwa, mnunuzi atapewa.
Puani ina pembetatu nyekundu, alama ya kiwanda.
Trafiki wa Salenda alidai pembetatu ya tahadhari,
mzee akamwonyesha hiyo.
Tulilipa faini.

Juzi alikuja kijana wa Mikocheni, anatafuta gari la maharusi,
akauliza kama riboni zitashika kwenye boneti.
Jana mwingine: injini ya Noah itaingia humu?
Nikamwonyesha geti.

Watoto wamepiga simu kutoka Toronto.
Uza, fundi, kwa bei yoyote.
Bei yoyote ndiyo bei gani, Mwajabu?
Wao walikojoa kwenye kiti cha nyuma wakiwa wadogo,
mimi ndiye niliyekianika.
Kizuri chajiuza, husema watu, kibaya chajitembeza.
Na mimi hapa nakitembeza kizuri
kwa mdomo wangu mwenyewe.

Hebu nisomee.

"Inauzwa. Gari la zamani, la Kiingereza, hali nzuri sana.
Lipo Upanga. Bei maelewano. Madalali wasisumbuke."

Ndiyo hayo tu?
Haya. Mwenye kusoma shule ni wewe.
Lakini ongeza hapo mwisho: halijawahi kulala nje mvua ikinyesha.
Na ongeza: huwashwa kila Jumatatu, robo saa,
hata juzi, Jumatatu ya msiba,
wakati jeneza linatoka kwa mlango wa mbele
na mtu akaniambia, fundi, zima hiyo, una wazimu?

Hapana. Hilo la msiba lifute.

Namba ya simu weka ya kwako.
Mimi mikono yangu ina grisi.