Daraja E

Miaka ishirini na miwili nilipanga majani kwa madaraja.
Ghala la Urambo, meza chini ya dirisha,
jani mkononi, pua karibu:
hili la chini ya shina, hili la katikati,
hili limeungulia banini.
Mkulima alisimama ng'ambo ya meza
akiusoma uso wangu kama mtu anayesubiri hukumu.
Kisha kampuni ikafunga milango, nami
nikapewa bahasha, kalenda, na mkono.

Nina miaka arobaini na tisa.
Nyamizi hakucheka niliposema lori.
Aliendelea kupepeta karanga zake,
akasema, "Babu zako walikwenda pwani na mzigo kichwani.
Wewe walau utaketi."

Tabora. Uwanja wa mafunzo, vumbi na mapipa.
Wenzangu darasani ni rika la mwanangu Mlekwa.
Wananiita mzee, wananiachia kivuli,
na hilo linauma kuliko matusi.
Mwalimu wetu, Hamduni, hajafika thelathini.
Ananifundisha kurudi nyuma na tela:
"Ukitaka mkia uende kulia, kata kushoto.
Kidogo. Kidogo, mzee! Huo si mkokoteni."
Siku ya kwanza niliangusha mapipa mawili.
Ya pili, matatu.
Usiku, mezani, nilisukuma kiberiti
kwa kijiko, kinyumenyume,
kushoto ili kiende kulia,
mpaka Nyamizi akaninyang'anya kijiko, akakorogea uji.

Daktari aliniuliza kama naona mbali.
Nikamwambia mbali naona.
Karibu ndiko kunakonishinda.
Akaandika: avae miwani.

Kadi ilipotoka ilikuwa na herufi moja mpya.
Daraja E.
Niliishika kwa ncha za vidole, kama jani,
nikaigeuza kwenye mwanga,
nikainusa. Mazoea.
Plastiki.

Mzigo wangu wa kwanza ni tumbaku.
Nilijua tu. Mungu naye ni mtani wangu.
Marobota ya Urambo, yanakwenda Morogoro,
dereva mkuu Msabila, mtu wa maneno machache,
na mimi, msaidizi mwenye mvi.
Nagonga tairi moja moja kwa chuma, nasikiliza.
Navuta turubai. Robota la ukingoni limepasuka,
jani linachungulia.
Sikutaka. Pua ilitangulia.
Hilo ni jani la katikati, limeiva vizuri, rangi ya chungwa,
na lebo yake inasema daraja la mwisho.
Mahali fulani huko Usoke
mtu ameuza mwaka wake mzima, jembe, kuni, usiku wa kulinda moto,
kwa bei ya majani ya kuokoteza.
Msabila anapiga honi: "Umepotelea huko?"
Nakaza fundo.

Nzega. Igunga. Sekenke nimeshika usukani mimi,
tunapanda kwa gia ndogo, mlima hauishi,
Msabila ametazama mbele kama aliye msikitini,
na shati langu limenigandia mgongoni.

Mizani ya barabarani inatupokea usiku.
Binti nyuma ya kioo anasoma namba, anagonga muhuri.
Uzito tu. Hapa hakuna anayeuliza ubora.
"Uko sawa, dereva," anasema.
Dereva.
Nikageuka nyuma nione anamwambia nani.

Sasa Msabila amelala nyuma ya viti.
Injini imezimwa, inalialia chuma kikipoa.
Nimevaa miwani ya daktari.
Kwenye daftari la safari nimeandika kilomita, mafuta, saa ya kusimama,
na chini yake, kwa mwandiko ule wa ghalani,
namba ya robota moja
na daraja lake la haki.

Hakuna aliyeniuliza.
Vidole bado vinanuka.