Nusu Kichwa

Nilikuwa nimemaliza upande wa kulia,
mashine ikivuma sikioni mwa Ndimbo,
runinga ikakatiza tamthilia
ikatuonyesha mji wa watu, usiku,
anga lake limechunwa ngozi.
Hivyo ndivyo vita vilivyoanza Tandika.

Wa kwanza kusimama ni Sefu Mkwinda wa duka la spea,
ambaye ana upara tangu ujana
na huja saluni kwangu kwa ajili ya feni.
"Uonevu mtupu! Mkubwa kamvamia mdogo
kwa kisingizio ambacho mwanangu wa chekechea
angekitunga vizuri zaidi."

"Mdogo?" Ndimbo akageuka, nusura nimkate sikio.
"Yule anayefungia watu wake kama kuku wa Kisutu?
Acha aonje. Mimi simlilii."
"Yeye humlilii. Na jirani yake je?"
"Jirani yake angemng'oa zamani."
"Kwa meno?"

Bi Tunu, wa chapati, akachungulia dirishani:
"Wahenga walisema, wapiganapo mafahali..."
"Bi Tunu, tuachie nyasi zako!"
wakasema kwa pamoja,
wamekubaliana mara ya kwanza tangu ligi ianze.
Akanuna. "Haya. Ngano ikipanda
msije kuniuliza kwa nini chapati yangu
mnaweza kuitandika juu ya gazeti mkalisoma."

Elisante wa bodaboda hakuwa na upande.
Alikuwa anahesabu vidole:
lita moja, safari ngapi hadi Mbagala,
mkopo wa pikipiki, kodi ya Kizuiani.
Alipofika kidole cha saba akaacha, akatukana,
hatukujua anamtukana rais gani.

Sefu akachota povu langu la ndevu
akachora ramani kwenye kioo:
huku mkubwa, huku mdogo, hapa bahari,
hapa bomba la mafuta, "ndilo wanalolitafuta!"
Mpaka ukapita katikati ya uso wa Ndimbo,
huku ana nywele, huku hana.
"Chora vizuri," Ndimbo akasema, "umenikata pua."

Umeme ukakatika.

Feni ilizunguka kidogo kwa mazoea, ikasimama.
Tukasikia tunavyopumua.
Ndipo akasema Mpangala, kutoka kwenye benchi la mwisho,
Mpangala aliyevuka Kagera na miguu miwili mizima
akarudi na mmoja unaotabiri mvua:

"Huko saa hizi ni saa ngapi?"

Majina ya makombora tulikuwa nayo.
Tulijua na kasi yake.
"Nyuma yetu," Sefu akasema. "Au mbele."
"Ni usiku, Mzee, si umeona?"
"Usiku upi? Kuna usiku wa watu kulala,
kuna usiku wa mama kuamka ampe mtoto maji."

Hakuna aliyejibu.
"Sisi kule," akasema, "tuliingia nyumba moja.
Hamna mtu. Mlango wazi, kanga kwenye kamba,
chai mezani, bado inatoa mvuke.
Nikainywa.
Ilikuwa na tangawizi."

Elisante akawasha taa ya pikipiki mlangoni
mwanga ukaingia, ukagonga kioo.
Povu lilikuwa limeanza kushuka.
Mkubwa na mdogo wote wawili
walishafika kwenye rafu ya vitana.

Ndimbo, nusu kichwa, shuka langu shingoni,
akauliza umeme utarudi saa ngapi.
Hilo nalo hatukulijua.
Akaanza kucheka, akajishika upande wenye nywele,
kicheko kikamwishia kooni.

Bi Tunu akapitisha chai dirishani
kama kila siku, nuna asinune,
vikombe vitano, sukari imeshakorogwa.
Tukanywa.
Mpangala alikishika chake kwa mikono miwili
akakaa nacho gizani
akingoja kipoe kabisa.