Tarakimu

Saa mbili usiku, Kayole. Saiba yangu ina wateja wawili
na feni moja inayokohoa.
Kwamboka amekuja na bintiye, Moraa,
na kitambulisho kilichofungwa ndani ya leso.

Fomu ya mkopo inauliza: kipato cha mzazi kwa mwezi.
Anacheka. "Mwezi gani?
Ule wa jua nafulia nyumba nne pale Umoja.
Ule wa mvua nguo hazikauki, wala simu hailii."
Naandika hivyo hivyo. Mashine inakataa maneno,
inataka tarakimu.

Moraa ananong'ona namba.
Mama anaipunguza. Kisha anairudisha, macho sakafuni:
"Usiniweke chini kuliko nilivyo."

Nabonyeza. Kiduara kinazunguka, kinazunguka.
Stima isipotee sasa, Mola.
Imepokelewa. Subiri majibu.

Hamsini yao naikataa.
Hawajui kuwa kwenye droo, chini ya risiti,
iko barua ya mkopo wangu mwenyewe,
shahada ya takwimu, mwaka wa tisa huu,
na riba inayokua hata nikilala.

"Hulipika lakini?" Moraa ananiuliza.
Nampa karatasi, ingali na joto la printa,
namwambia akague jina lake
herufi kwa herufi.