Rejesho la Alhamisi

Saa mbili, ukungu bado umeikalia Uyole,
nasi tumekaa kwenye viti vya plastiki, wanne.
Cha tano kina umande.

Afisa mikopo hana maneno makali, mtoto wa watu.
Shati limenyooshwa.
"Mama zangu, hapa hatoki mtu
mpaka hesabu itimie."
Halafu anafungua daftari, anapuliza vidole.

Nilipokopa aliniuliza dhamana.
Shamba? La marehemu, analilima shemeji.
Nyumba? Nimepanga.
Akapiga picha kochi, akapiga picha friji,
akapiga picha hata kabati la vyombo
lenye sahani za harusi ambazo hazijawahi kuona wali.
Kisha akasema: na wenzako wanne.
Nikajua na mimi ni samani ya mtu.

Sekela hakuja.
Viazi vyake, gunia thelathini, vililala Makambako siku sita,
lori limekatika ekseli,
na kiazi hakisomi tarehe ya rejesho.
Simu yake inaita tu.

Tukachanga. Tumpe akatoa ada ya mtoto.
Bupe akafungua pindo la khanga, fundo la kwanza, fundo la pili,
la tatu akalifungua kwa meno.
Mimi nilitoa ya mbolea.
Ndipo tukaenda kwake, hasira zikitutangulia.

Tukamkuta ametoa vitu nje,
amevipanga kama mtu anayehamia:
redio, cherehani, godoro limeegemezwa ukutani,
masufuria yamesuguliwa kwa majivu mpaka yanang'aa.
"Karibuni," akasema. "Mnaanza na kipi?"

Mwanawe mdogo alikuwa ameshika mwiko,
hakutaka kuuachia.

Ningependa kusema tulirudi mikono mitupu.
Tulibeba cherehani.
Bupe alishika kichwa chake, sisi tukashika meza,
na njia nzima ile pedali ilicheza yenyewe,
kach, kach, kach,
inashona hewa.

Alhamisi iliyofuata viti vilijaa.
Sekela akakaa cha mwisho, akatusalimu,
tukaitikia.
Mzunguko mpya, kijana akasema, na kiwango kimepanda.
Mbolea haijanunuliwa, mvua zinakaribia.
Nikaomba kalamu.
Wino uligoma kwa baridi,
nikaupulizia pumzi yangu
mpaka ukakubali.